Helikopta ya Ukumbini

Juzi niliingia duka moja pale Kigoma mjini kumtafutia mwanangu helikopta ya rimoti, ya kwanza yake. Amekuwa akinidai tangu likizo ianze, na unawajua watoto wa siku hizi, wakishika jambo hawaliachii. Muuzaji alinipangia maboksi juu ya meza ya kioo, akaniuliza swali ambalo nadhani humuuliza kila mzazi: "Ndiyo anaanza, mama? Atarushia ndani au nje?" Mimi, mtu mzima na mkoba wangu begani, nikashindwa kujibu. Nikamwambia narudi, nikaenda kukaa kwenye benchi la muuza kahawa mpaka moyo ukatulia. Acha nikueleze, rafiki yangu, maana hata mume wangu anaijua hadithi hii nusu tu.

Miaka ile ya wakimbizi nililelewa Ujiji, ndani ya nyumba ya bibi yangu mzaa mama. Nikisema ndani, nielewe hivyo hivyo. Mama yangu alizaliwa katika nyumba ile, akavuka ziwa kuolewa upande wa Kongo, na vita vilipowaka akarudi na mume wa ng'ambo na watoto wa ng'ambo. Tukaandikishwa wote kambini, huko juu Kasulu. Mdogo wangu aliyekuwa ananyonya aliugua tumbo tangu tulipofika, Mama akawa hana mkono wa kunishika mimi. Bibi alikuja kututazama, akaniona nilivyokonda, akaniomba. "Nipe huyu mmoja nikamnenepeshe," alimwambia Mama, kama mtu anayeomba kuku wa kufuga. Mama alikubali kwa muda.

Shida ni kwamba mkimbizi hakuruhusiwa kukaa mjini bila kibali, na mimi sikuwa nacho. Mara moja moja msako ulipita, na waliokutwa walipandishwa gari. Mgeni wa nyumba ya pili kutoka kwetu alichukuliwa hivyo, akiwa bado na povu la sabuni masikioni. Bibi aliliona jambo lile kwa macho yake akiwa barazani, akaingia ndani akashusha komeo. Tangu siku hiyo sikutoka tena. Isitoshe ulimi wangu ulikuwa mchongezi, maana kila nikifungua kinywa Kongo yote ilitoka. Bibi akatangaza mtaani kwamba amemleta mwali, yumo ndani, na mwali hatazamwi. Nilikuwa mdogo mno kuwa mwali wa kweli, lakini nani angemwambia Bibi afunue pazia tuhakikishe? "Funika kombe mwanaharamu apite," alikuwa akisema, na kombe lenyewe lilikuwa mimi.

Nyumba za Ujiji za wakati ule zilikuwa na ukumbi mrefu katikati, kutoka mlango wa mbele hadi uani, na vyumba huku na huku. Ukumbi ule ndio uliokuwa uwanja wangu. Nilikuwa naukimbia miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji, naugusa mlango wa mbele, naugeukia wa nyuma. Uani nilikwenda kwa haraka tu, kanga kichwani, kwa sababu ua wa matete ulikuwa na matundu na wapita njia walikuwa na macho. Kazi zangu zote zilifanyiwa kivulini: kuchambua mchele, kutoa mawe kwenye maharage, kuchagua dagaa wa Katonga waliokuja na mchanga wao. Mikono yangu ilinuka mawese na samaki hata siku ya Idi. Na nilinenepa kweli, usidhani naona haya kusema. Bibi alinipikia samaki wa ziwani, migebuka ya kukaanga, na ugali wa muhogo mpaka nikawa na mashavu. "Mtoto wa ndani hapigwi na jua," alijisifu, akinipapasa uso kwa kiganja chake kikavu. Nilimpenda, na nilikuwa nakosa pumzi.

Nje niliijua kwa masikio. Niliijua honi ya treni ikiingia kwa mbali, adhana za misikiti zilizokuwa zikipishana kidogo, wanawake wa Kiha walioshuka na ndizi kutoka milimani wakiamkiana kwa maneno marefu. Jioni watoto wa mtaa walicheza rede mbele ya dirisha letu. Niliwafahamu wote kwa sauti na sikuwahi kuona sura ya hata mmoja. Alikuwapo msichana mmoja mdhulumati, akipigwa mpira anakana, na mimi nyuma ya pazia nilikuwa nanong'ona kwa hasira, "Umepigwa wewe, toka!" Siku nyingine nililia kwa sababu yake, si kwa kuwa alikuwa akidhulumu, ila kwa kuwa alikuwa na mahali pa kutolewa.

Kila siku baada ya alasiri alikuja Mwalimu. Alikuwa mama wa makamo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na ni yeye tu pale mtaani aliyejua ukweli wangu wote. Alinisomesha msahafu kwa sauti ya chini, mlango umerudishwa, akinigonga goti kwa kidole kila nilipokosea. Kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda, nilisoma upesi kuliko watoto wa madrasa, na si kwa akili, kwa kukosa shughuli. Ukafika wakati nikabakiwa na juzuu za mwisho, na Bibi akaanza kuzungumzia khitima yangu ya kumaliza msahafu.

Sasa nikueleze desturi ya nyumba ile, maana ndiyo iliyozaa yote. Mtoto wa kwa Bibi akihitimu msahafu alikuwa anakalishwa ukumbini mbele ya watu, anaulizwa zawadi gani anaitaka. Akishataja, anasema na sababu yake, na waliohudhuria wote wanaitikia amin. Walishika kwamba ulimi uliomaliza msahafu siku hiyo hauna neno dogo, litokalo ni dua. Kwa hiyo zawadi haipingwi wala haikosolewi. Mama, siku yake, alichagua cherehani, akasema sababu ni kwamba anataka kushona nguo za safari. Walimwitikia amin kwa vifijo, na Bibi alikuwa akisema miaka yote kwamba amin ile ndiyo iliyomvusha ziwa.

Mimi nilishajua nitakachotaja. Wiki chache kabla, mchuuzi aliyeshuka na treni kutoka Dar alipita mtaani kwetu na vitu vyake: tochi, saa, redio ndogo, na helikopta ya rimoti. Ili kuvuta watu akairusha pale pale barabarani. Nilisikia mlio kama wa nyuki waliokasirika, watoto wakapiga kelele, nikachungulia. Ndege ile ikapanda, ikapanda, ikasimama hewani mbele ya dirisha langu, ikitetemeka. Watu walisimama chini, na yeyote aliyeinua macho angeniona dirishani. Sikujali. Kwa muda mrefu hakuna kitu cha nje kilichonifuata mahali nilipo. Ikageuza mkia, ikaondoka.

Bibi alipojua ni nini ninachokitaka aliguna. "Watoto wa watu wanataka hereni, wewe unataka ndege!" Lakini desturi ni desturi, akamwita mchuuzi. Yule bwana akaja na maboksi mawili, akakaa barazani upande wa pili wa pazia la mlango, kwa heshima ya mwali. Mimi nikakaa ukumbini sakafuni, nimeambiwa nisitoe sauti. Bibi akawa katikati, kichwa huku kichwa kule, mkalimani wa mambo asiyoyajua.

"Hii kubwa, bibi, ina panga moja juu na feni ndogo mkiani," alisema mchuuzi. "Ni ya watu waliozoea. Ukigusa rimoti kidogo imeshakwenda. Hii ndogo ina mapanga mawili, moja juu ya jingine, yanazunguka kinyume. Inajishika yenyewe hewani. Anayeanza achukue hii."

Nikamnong'oneza Bibi swali. Akaligeuza alivyolielewa. "Mwali anauliza hayo mapanga yanakata?"

Sikuuliza hivyo. Nilikuwa nimeuliza kama yakivunjika yanapatikana. Nikavuta gauni lake, akasikiliza tena, akamwambia, "Anasema yakikatika je?"

"Ndani ya boksi kuna ya akiba. Ya hii ndogo yanapinda tu, ni laini. Akianza asiipandishe juu sana, ajifunze kuisimamisha kwanza. Isimame mbele yake, mkia ukimtazama yeye, basi. Kusimama ndiyo kazi, kwenda mbele ni rahisi."

"Na hiyo kubwa kasoro yake nini?" aliuliza Bibi, safari hii kwa niaba yake mwenyewe, maana boksi lile kubwa lilimpendeza, jekundu lenye picha ya mawingu.

"Haina kasoro, bibi. Inataka uwanja. Humu ndani itajiua ukutani siku ya kwanza. Na hii ndogo nayo usiipeleke nje, upepo wa ziwa utaitupa Kongo." Akacheka peke yake. "Mwali ataruka nayo wapi?"

Bibi aliyavuta maboksi yote mawili upande wetu. Akasema, "Tuachie zote mbili, baba. Atachagua."

Yale maboksi yakabaki juu ya kabati chumbani kwa Bibi, na siku zilizofuata nilikuwa mtu mwenye mashaka. Usinicheke. Wewe ukichagua helikopta unatazama bei na betri. Mimi nilikuwa nachagua nitakuwa wapi mwakani. Niliwaza hivi: nikichukua ile kubwa, nikasema sababu ni kuirusha uwanjani, watu wataitikia amin, na amin yao itanifungulia mlango, kama ya Mama ilivyomfungulia. Halafu nikawaza tena: na kama haukufunguka? Itakaa ndani ya boksi lake jekundu, na mimi ndani ya langu. Ile ndogo ingekuwa yangu siku ile ile. Ningeweza kuirusha kutoka mlango hadi mlango, mvua ikinyesha, umeme ukiwa umekatika ilimradi imeshiba chaji. Nilikuwa nayashusha maboksi Bibi akienda sokoni, nayapima kwa mikono. Moja zito, moja jepesi.

"Mchagua nazi hupata koroma," Bibi alinitania akinikuta hapo, ingawa Ujiji nazi zenyewe tulikuwa tukiziona kwa bahati.

Siku ya khitima ukumbi ulifukizwa udi. Walikuja wanawake wachache Bibi aliowaamini, wazee wenzake wengi wao, wakakaa mkekani migongo ukutani. Kulikuwa na maandazi, visheti, na chai ya tangawizi iliyokwaruza koo. Mwalimu alinisomesha sura za mwisho kwa sauti kamili kwa mara ya kwanza, nikasoma, sauti ikanitetemeka kwa kuwa sikuzoea kuisikia ikiwa kubwa. Bibi alikuwa amevaa kanga mpya, machozi ya furaha yanamtoka bila kuyafuta. Kisha Mwalimu akaniuliza, kama desturi ilivyo, "Haya mhitimu wetu, zawadi gani waitaka?"

Nikanyoosha kidole kwenye maboksi yaliyokuwa yamewekwa mkekani. "Ile ndogo."

"Na sababu yake?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema kwa Kiswahili cha Ujiji, nikakisahau chote. Nikasema kama tulivyosema kwetu Kongo, ambako "juu" maana yake ni kwa sababu: "Juu ile kubwa ni ya inje. Na miye siko wa inje, miye niko wa mu nyumba tu. Nitarushaka humu humu, na Bibi, siku zote."

Nakuapia sikusema kwa uchungu. Niliona nimechagua vizuri, kama nilivyofundishwa na mchuuzi: anayeanza achukue ya kurushia ndani. Nikasubiri amin. Haikuja. Mzee mmoja wa pembeni alifungua kinywa akakifunga. Mwingine akatazama kikombe chake. Mwalimu akamtazama Bibi, na wote wakamtazama Bibi, kwa kuwa amin inaanzwa na mwenye nyumba. Mdomo wa Bibi ulikuwa unacheza. Nikadhani nimekosea kuchagua, nikataka kusema basi nipeni ile kubwa.

"Astaghfirullah," alisema Bibi mwisho. "Siwezi kuitikia. Dua hiyo mimi siiitikii."

Akainuka, akaingia chumbani kwake, akarudisha mlango. Wanawake wakamaliza chai yao kwa adabu wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akinishika kichwa. Mwalimu alibaki, akaitoa helikopta kwenye boksi, akasoma rimoti kwa kuisogeza mbali na macho, akaniwekea betri. Nikairusha. Ilipanda ikagonga boriti, ikashuka kwa kuyumba, haikuvunjika. Nikairusha tena. Baada ya majaribio mengi ikasimama hewani katikati ya ukumbi, mkia ukinitazama, kama mchuuzi alivyosema. Nilifurahi, rafiki yangu, kwa nini nikudanganye? Nikamwita Bibi atoke aone. Alifungua mlango kidogo, akatazama ndege ile inavyozunguka hapo hapo bila kwenda popote, na usoni mwake sikuona furaha yoyote.

Siku zilizofuata alisafiri peke yake, akaniacha kwa Mwalimu. Aliporudi alikuwa na vumbi jekundu la Kasulu kwenye upindo wa baibui. Alinikalisha akanichana nywele, kwa upole kupita kawaida yake. "Mama yako anakutaka," alisema. "Mdogo wako amepona. Kule kuna kijumba cha turubai na foleni ya maji, sikufichi. Lakini kuna watoto wanakimbia, nimewaona kwa macho yangu." Nikamwambia sitaki, nakaa naye. Akaendelea kuchana. "Nilikuomba nikunenepeshe, mwanangu. Sikukuomba nikufunge. Wewe umenijua kabla mimi sijajijua."

Tuliondoka na basi la asubuhi. Nilitoka mlango wa mbele nikifumba macho kwa mwanga, na Bibi alinishika mkono kwa nguvu. Huko njiani nilitapika, miguu ilipogusa milima ikauma, ilishasahau kupanda. Kambini niliungua na jua mpaka pua ikabanduka. Helikopta ile niliirusha nje siku ya pili tu, watoto wa kambi nzima wakikimbia nyuma yake, na upepo wa milimani ukaibamiza kwenye mti ikafa. Sikulia hata kidogo. Tulikuwa tayari tunagawana makundi ya rede.

Ila usidhani nilikuwa huru. Kambi nayo ilikuwa na mwisho wake, kijito fulani na njia fulani, zaidi ya hapo ni kibali. Lakini lilikuwa boma kubwa lenye mbingu juu, na nilikuwa nimo na mama yangu. Bibi alikuja kututembelea kila alipoweza, na kikapu cha dagaa na chupa ya mawese. Alipenda kukaa kwenye kivuli cha turubai akinitazama nikicheza. Akawa ananilalamikia kwamba nimekonda, nimekuwa mweusi, nina magaga kama mchunga mbuzi, na alikuwa anayasema yote hayo akitabasamu.

Leo ukipita Ujiji nyumba ile huioni, wala Mwalimu humkuti. Warithi waliiuza, aliyeinunua akaivunja, pale kwenye ukumbi pana vibanda vya kutoa pesa kwa simu na kushonesha viatu. Nyumba za ukumbi mrefu zimebaki chache, na khitima za siku hizi zinafanyiwa kumbi za kukodi, mtoto anapewa bahasha na kupigwa picha. Sijasikia tena mtoto akiulizwa sababu mbele za watu. Labda ni heri, sababu za watoto ni nzito kuzibeba.

Bibi alifariki nikiwa bado kambini, asubuhi moja ya mvua. Habari zilitufikia kwa simu ya jirani, na Mama akakimbilia kuomba vibali. Kwetu maiti hailazwi hadi kesho. Kibali nacho kina mwendo wake, hakijui kama mtu anazikwa alasiri. Nilikaa nje ya kijumba chetu, juu ya jiwe, hakuna aliyenikataza kukaa nje, na nikahesabu kichwani: sasa wanamwosha, sasa wanatoka naye, sasa wanamshusha. Watu wa mtaa ambao sikuwahi kuziona sura zao ndio waliomzika bibi yangu. Vibali vilitoka wiki iliyofuata, tukaenda, tukaonyeshwa kaburi ambalo udongo wake ulikuwa umeshakauka.

Sasa nina kitambulisho, nimeolewa hapa hapa, natembea Kigoma nzima kutoka Kalinzi hadi Katonga bila mtu kuniuliza natoka wapi. Na Ujiji hakuna hata mmoja wa kumwamkia shikamoo.